PIKIPIKI YA UMEME AU YA PETROLI? PIGA HESABU KABLA YA KUWEKA SHAMBA REHANI

Asubuhi moja mzee mmoja wa skimu yetu aliingia ofisini akaweka karatasi mbili juu ya meza: hati ya ploti yake, na fomu ya mkopo wa pikipiki ya umeme. Nyuma yake alisimama kijana wake. Mzee akaniambia, “Karani, huyu kijana asema pikipiki hii hainywi petroli, basi yote itakayopata ni faida. Nisomee vizuri, nijue natia sahihi jambo gani.”

Tulikaa pamoja na daftari na kalamu mpaka saa sita. Kwa kuwa wakulima wengi sasa wauliza swali lile lile, naandika hapa hesabu tuliyopiga, ili kila mmoja aifanye nyumbani kwake.

Kwa nini umeme hula kidogo

Ni kweli kwamba pikipiki ya umeme hutumia fedha chache njiani. Sababu yake si siri. Injini ya petroli huchoma mafuta ili isukume gurudumu, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea kuwa joto. Katika kila sehemu nne za nguvu iliyomo katika petroli, karibu moja tu hufika kwenye gurudumu. Sogeza mkono karibu na ekzosi baada ya safari, nawe utasikia joto ulilolipia. Mota ya umeme hupoteza kidogo tu. Katika sehemu kumi za nguvu inayotoka kwenye betri, nane au zaidi hufika kwenye gurudumu.

Tena petroli yetu yote hutoka ng’ambo na kushushwa Mombasa. Bei yake hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hupanda na kushuka kwa mambo ya nchi za mbali. Mwezi wa Septemba 2023 ilipita Sh. 200 kwa lita mjini Nairobi kwa mara ya kwanza. Stima yetu kwa sehemu kubwa hutoka hapa hapa nchini: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, na upepo wa Turkana. Bei yake pia hubadilika, lakini hairukiruki kama ya petroli.

Hesabu ya kilomita moja

Usilinganishe bei ya lita na bei ya yuniti, maana ni kama kulinganisha gunia na debe. Linganisha gharama ya kilomita moja. Bei nilizotumia hapa ni za mfano tu. Wewe weka zile za kwenu za mwezi huu.

Petroli: tuseme lita moja ni Sh. 180, na pikipiki yenye mzigo huenda kilomita 40 kwa lita. Gawanya 180 kwa 40. Kila kilomita yagharimu Sh. 4.50.

Umeme wa nyumbani: tuseme yuniti moja ni Sh. 30 pamoja na kodi, na kilomita 100 zatumia yuniti 5 kwenye mita. Hizo ni Sh. 150. Kila kilomita yagharimu Sh. 1.50.

Betri ya kubadilisha kituoni: hapa betri si mali yako, bali walipa kila unapobadilisha. Tuseme walipa Sh. 200 na betri ile yakupeleka kilomita 60. Kila kilomita yagharimu Sh. 3.33.

Mota ya umeme haina oili ya injini, plagi wala kabureta. Kwa vitu hivyo na kazi ya fundi tulihesabu senti 50 kwa kila kilomita ya petroli. Tairi, breki na mnyororo huchakaa kwa pikipiki zote mbili, kwa hiyo hatukuvihesabu.

Basi, anayechaji nyumbani huokoa Sh. 3 za mafuta na senti 50 za oili na fundi, jumla Sh. 3.50 kwa kila kilomita. Kijana aliposikia hivyo alitabasamu. Nikamwambia angoje, kwani hatujafika kwenye betri.

Betri ni tangi linalochakaa

Tangi la petroli hudumu miaka mingi. Betri huzeeka kila mwaka, hata ikitumika kidogo, na siku moja itataka kununuliwa nyingine. Tulichukua mfano wa betri ya Sh. 120,000 itakayodumu miaka minne, yaani miezi 48. Gawanya, utaona kwamba yakupasa kuweka kando Sh. 2,500 kila mwezi. Asiyeziweka kando hajapata faida. Anakula betri yake.

Sasa tazama hesabu mbili za nyumba ile ile.

Mzee alifikiria maziwa. Kutoka ploti yake hadi chama cha ushirika ni kilomita 10, kwenda na kurudi 20, kwa mwezi kilomita 600. Zidisha kwa Sh. 3.50, anaokoa Sh. 2,100. Ondoa Sh. 2,500 za betri. Amepata hasara ya Sh. 400. Hata betri ikidumu miaka mitano, faida yake ni Sh. 100 tu kwa mwezi. Kwa kazi hiyo peke yake punda wa mzee bado ana cheo chake, na nyasi hazitangazwi bei tarehe 14.

Kijana alifikiria boda boda. Alisema atakwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 2,600. Zidisha kwa Sh. 3.50, anaokoa Sh. 9,100. Ondoa 2,500 za betri, zabaki Sh. 6,600 kila mwezi.

Pikipiki ni ile ile na stima ni ile ile, lakini mmoja apata hasara na mwingine faida. Tofauti ni kilomita tu. Chombo cha umeme hununuliwa ghali na kuendeshwa rahisi, kwa hiyo humfaa anayesafiri sana. Kwa bei za mfano wetu, asiyefikisha kilomita 24 kwa siku hata betri hairudishi.

Daftari lilisema nini

Pikipiki ya umeme aliyoitaka kijana ilikuwa ghali kuliko ya petroli, na malipo ya mkopo wake yalizidi kwa Sh. 3,500 kila mwezi. Kwa hesabu yake ya kilomita 2,600 angelipa na kubakiwa na Sh. 3,100. Lakini kilomita 100 kwa siku zilikuwa maneno ya mdomo. Nikamwomba aendelee mwezi mmoja na pikipiki ya petroli aliyokuwa akiikodi, na kila jioni aandike namba ya mita ya kilomita katika daftari.

Alirudi mwezi ulipokwisha, akaweka daftari mezani bila kusema neno. Jumla ilikuwa kilomita 1,500. Siku za mvua barabara zilikuwa tope, na siku nyingine alishinda kwenye kituo bila abiria. Zidisha 1,500 kwa Sh. 3.50, ni Sh. 5,250. Ondoa 2,500 za betri, zabaki 2,750. Mkopo wataka 3,500. Kila mwezi pangekosekana Sh. 750, na dhamana ni shamba la watu wanane.

Hati ilirudi nyumbani katika mfuko wa koti la mzee. Kijana hakukatazwa pikipiki. Aliambiwa aendelee kuandika, na arudi bei ikishuka au kazi ikizidi.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kwanza, jaribu pikipiki kwa mzigo wako na kwa mlima wako. Umbali anaoutaja muuzaji mara nyingi ni wa mtu mmoja juu ya lami. Makopo mawili ya maziwa na mlima mmoja hupunguza umbali huo sana.

Pili, uliza betri ni ya nani. Ikiwa ni ya kampuni, uliza kituo cha kubadilisha kiko kilomita ngapi kutoka kwako, na kinafungwa saa ngapi. Ikiwa ni yako, taka dhamana ya maandishi inayotaja miaka.

Tatu, fikiri juu ya siku stima inapopotea. Na usidanganywe kwamba sola ya taa itatosha: paneli ya wati 100 yenye jua zuri la saa tano hutoa nusu yuniti, yaani karibu kilomita 10 tu.

Nne, mnaweza kushirikiana. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: Sh. 16 kwa yuniti, na Sh. 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini ilitaka mita yake peke yake na matumizi yanayozidi yuniti 200 kwa mwezi. Pikipiki moja haifiki hapo kwa urahisi. Chama cha ushirika chenye pikipiki kumi chafika. Halmashauri ya chama na iulize bei iliyopo sasa.

Kwa mwenye kutaka gari hesabu ni ile ile. Gari dogo la petroli linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litataka Sh. 1,260 kwa bei za mfano wetu. La umeme linalotumia yuniti 18 litataka Sh. 540. Lakini betri ya gari ni ghali mno, na gari lililokwisha kutumika huja na betri iliyokwisha kutumika pia. Mwite fundi aipime kabla hujalipa.

Basi, ndugu mkulima, leo jioni chukua daftari la shule la mtoto, chora mistari mitatu: tarehe, kilomita, fedha zilizotumika. Andika kwa mwezi mmoja, kisha piga hesabu yako mwenyewe. Ukikwama, lete daftari ofisini, tutahesabu pamoja. Hati ya shamba iache nyumbani kwanza. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.