Baada ya talaka, mwili nao wataka ratiba

Ndoa ikivunjika, wengi huuliza nani atabaki na nyumba na nani atalipa karo. Ni wachache wanaouliza habari za usingizi na chakula cha waliobaki nyumbani. Hata hivyo, talaka hufika kwa daktari mara nyingi, ingawa haitajwi kwa jina lake.

Huja kama maumivu ya tumbo ya mtoto aliyepimwa malaria, akapewa dawa za homa ya matumbo mara mbili, na bado hakuna kinachoonekana. Huja kama mtoto wa miaka saba aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena. Huja kama mzazi anayeumwa na kichwa kila siku, ambaye usingizi humjia saa nane usiku.

Maumivu hayo si ya kujifanya. Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni za tahadhari kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, tumbo hukaza na usingizi hukimbia. Mtoto asiyejua leo atachukuliwa na nani shuleni, au atalala wapi, huwa kama askari wa zamu asiyepokewa na mwenzake. Mambo madogo yanayotukia kwa saa ile ile kila siku ndiyo humwambia kwamba zamu imekwisha.

Chajio. Mle pamoja kwa saa moja isiyobadilika, televisheni na simu zikiwa zimezimwa. Ugali na sukuma wiki vyatosha. Wazazi wengi wakibaki peke yao huacha kupika, wakashindia chai na mkate. Kumbuka kwamba chai na kahawa za jioni huchelewesha usingizi.

Kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Mtu mzima, angalau saa 7. Mtoto anayeamka saa kumi na moja unusu ili awahi basi la shule yapasa awe amelala kufikia saa mbili unusu. Mfuatano uwe mmoja kila usiku: kuoga, kutayarisha sare, hadithi fupi, kisha taa.

Nyumba mbili. Hata kama hamsemezani vizuri, kubalianeni kuhusu saa ya kulala, na mtoto abebe blanketi au mto aliouzoea. Asifanywe tarishi wa ujumbe wenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Wewe mwenyewe. Starehe ndogo si ubinafsi. Tandika shuka safi, hata kama kitanda ni cha mtu mmoja sasa. Kunywa uji wako wa asubuhi penye mwangaza wa jua, kwani mwangaza huo hurekebisha saa ya mwili. Tembea kwa nusu saa. Usitafute usingizi kwenye pombe: hukulaza upesi, kisha hukuamsha usiku wa manane.

Ratiba haichukui nafasi ya matibabu. Mlete mtoto hospitalini ikiwa anatapika, anapungua uzani, ana homa, anatoa damu chooni, au maumivu yanamwamsha usiku. Anayekojoa sana huku akiwa na kiu nyingi apimwe kisukari bila kuchelewa. Nawe ukikaa zaidi ya wiki mbili na huzuni isiyokutoka, muone daktari. Ukipata fikira za kujiua, nenda hospitalini siku hiyo hiyo na usiende peke yako.

Usijaribu kubadilisha yote kwa siku moja. Chagua jambo moja, chajio au saa ya kulala, ulishike kwa wiki mbili, ndipo uongeze la pili. Watoto watanung'unika mwanzoni. Shikilia, maana wanapima kama saa hii mpya itadumu.