Kujifunza Biashara Kutoka Mataifa Mengine: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Msimu wa malipo ya korosho unapofika mkoani Mtwara, matangazo huongezeka. Wapo wanaouza mafunzo ya ujasiriamali ya siku mbili, wapo wanaouza mashine za kubangulia korosho zinazosifiwa kuwa ndizo zilizotajirisha Vietnam na India, na wapo wanaokaribisha watu katika "uwekezaji wa kimataifa". Baadhi ya huduma hizo ni za haki. Nyingine humwachia mlaji deni na mashine iliyofunikwa turubai. Makala hii inaeleza jinsi ya kunufaika na maarifa ya ulimwengu bila kupoteza mapato ya mwaka mzima.

Maarifa mema husafiri

Hakuna aibu kujifunza kutoka nje. Mkorosho wenyewe asili yake ni Brazili; uliletwa katika pwani yetu na Wareno. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo leo tunavijua kwa jina la VICOBA, vina chimbuko katika utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE miongoni mwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa kutumia mbegu na mbinu kutoka Ufilipino, kisha kikaenea katika pwani ya Tanzania Bara, Mtwara ikiwemo.

Hata hivyo, waliofanikiwa hawakuiga tu. Wakulima wa mwani waligundua kwamba aina ya kotonii, yenye bei nzuri, hufa maji yanapopata joto kupita kiasi. Baadhi ya wanawake wa Zanzibar walianza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili kilo moja iwape kipato kikubwa zaidi. Walipokea maarifa ya mgeni, wakayarekebisha kulingana na bahari yao na soko lao.

Funzo la viwanda vya korosho

Mfano wa kinyume upo karibu nasi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi yetu ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, mitambo yake ikitoka Italia na Japani. Wakati huohuo uzalishaji ulikuwa ukiporomoka: kutoka takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia miti. Mitambo ilikosa malighafi. Isitoshe, ilivunja korosho nyingi, na korosho iliyovunjika huuzwa kwa bei ya chini kuliko nzima. India, iliyotegemea zaidi mikono ya wafanyakazi, iliendelea kununua korosho ghafi zetu na kuzibangua kwao. Viwanda vingi vilisimama.

Mashine ilikuwepo, kilichokosekana ni hesabu iliyolingana na mazingira. Kosa hilohilo linaweza kumpata mwananchi mmoja anayenunua mashine moja.

Fanya hesabu kabla ya kununua

Tuseme muuzaji anadai kuwa mashine yake inabangua kilo 50 za korosho ghafi kwa saa. Kwa saa nane, hizo ni kilo 400 kwa siku. Kaya iliyovuna tani moja itamaliza mavuno yake yote kwa siku mbili na nusu. Je, siku zilizobaki mashine itabangua nini? Korosho ghafi huuzwa kwa minada kupitia vyama vya msingi na mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotumika katika zao hili tangu msimu wa 2007/08. Ununuzi wa kangomba umekatazwa. Kwa hiyo biashara inayoutegemea inaweza kukufikisha polisi.

Zingatia pia kwamba kilo 100 za korosho ghafi kwa kawaida hutoa kati ya kilo 20 na 25 za korosho karanga. Anayekuahidi kilo 50 hasemi kweli. Muulize muuzaji maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe:

1. Katika kila kilo 100, ni kilo ngapi za karanga zitatoka nzima?
2. Vipuri vinapatikana wapi, na nani hapa Mtwara anaweza kuitengeneza?
3. Mafuta makali ya maganda, yanayochoma ngozi, yatazuiwaje yasimdhuru mfanyakazi?
4. Dhamana ni ya muda gani, na inahusu nini?

Omba kuiona mashine ikifanya kazi kwa korosho zako mwenyewe, si kwa picha za video. Kabla ya kulipa, pata ushauri wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, au wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele. Ukikusudia kuuza karanga kwenye vifungashio, uliza mapema masharti ya TBS. Na kwa wakazi wa vijiji vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, shughuli mpya baharini au ufukweni ianze kwa kuuliza ofisi ya Hifadhi.

Tofautisha elimu na mtego

Mafunzo ya kweli hukupa ujuzi unaoweza kuutumia hata usipomwona tena mwalimu. Mtego hukutaka ulete watu wengine. Watanzania wengi wanaikumbuka DECI, ambayo wanachama wake waliambiwa "wapande mbegu" za fedha ili wavune zaidi. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Upatu wa majirani, ambao kila mmoja hupokea kwa zamu kile kilichochangwa, ni jambo tofauti. Unaokatazwa na sheria ni ule ambao faida ya aliyetangulia hutoka katika mfuko wa aliyechelewa.

Jihadhari unapoambiwa kuwa faida ni ya uhakika, kuwa nafasi zinafungwa leo, au kuwa usimwambie mtu. Cheti cha usajili wa kampuni, peke yake, si ushahidi wa uaminifu. Ukishawishiwa kukopa ili ulipie mafunzo au mashine, hakikisha kwanza kuwa mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, uwezo au asili ya bidhaa na huduma. Dai risiti ya kielektroniki, tunza tangazo, mkataba na ujumbe wa simu. Ukidanganywa, mwandikie muuzaji kwanza. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo. Palipo na wizi au upatu, toa taarifa polisi bila kusubiri.

Maarifa ya ulimwengu ni mali ya kila anayeyatafuta. Yapokee, yapime kwa mizani ya shamba lako, bahari yako na soko lako, ndipo utoe fedha.