Unataka Kuweka Keja Nyuma ya Pikapu? Soma Hii Kabla Fundi Aongeze Springi

Umeziona kwa TikTok. Msee amepaki pikapu kando ya ziwa, mlango wa nyuma uko wazi, ndani kuna kitanda, jiko ya gesi na chai inachemka. Halafu unaangalia ile Hilux ya mzee ama D-Max yako ya mkopo, unasema: hii kitu si naiweza?

Unaiweza. Lakini kuna swali wasee wengi huuliza mwisho, wakati doo ishaisha: hiyo gari inaweza kubeba hiyo nyumba?

Usinichukulie kama injinia, chuo niliacha njiani. Hii mambo niliijulia kwa kiti cha abiria, beshte yangu akiendesha, tukishuka Mai Mahiu kwa mvua. Alikuwa amejengewa kampa ya plaiwudi na mabati kwa double cabin yake. Ilipowekwa, gari ikalala nyuma. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaongeza springi tatu kila upande, gari ikasimama wima kama askari wa gwaride. Sote tukaona kazi imeisha. Kwa mteremko, usukani ukawa mwepesi hadi unajiuliza kama tairi za mbele zimegusa lami. Akikanyaga breki, gari inafikiria kwanza. Hakuna mtu aliumia, lakini tulifika Naivasha kila mtu amenyamaza.

Zile springi ziliinua gari. Shida hazikuinua. Na hiyo ndiyo stori ya leo.

Kampa ya kuingiza ni gani hiyo?

Ni kijumba unateleza ndani ya kitanda cha pikapu, unakifunga, unaenda. Jumatatu unakishusha, kinasimama kwa miguu yake, pikapu inarudi kubeba kabeji. Marekani, Canada na Australia hizi ni kawaida sana. Mwaka wa 1960 mwandishi John Steinbeck alizunguka Marekani na pikapu ya GMC yenye kampa nyuma, yeye na mbwa wake.

Tofauti yake na trela ni moja: trela ina tairi zake. Kampa haina. Kila kilo yake inakaliwa na gari lako.

Anza na hesabu, si na fundi

Kila pikapu ina uzito wa mwisho ambao kampuni iliruhusu: gari, watu, mafuta, mzigo, kila kitu pamoja. Utaupata kwa kibandiko cha nguzo ya mlango, kwa kisahani ndani ya boneti, ama kwa kitabu cha gari. Toa uzito wa gari tupu. Kenye inabaki ndiyo ruhusa yako.

Tuchukue mfano wa double cabin ya dizeli yenye uzito wa mwisho wa kilo 3,050, na ikiwa tupu na tanki imejaa inapima 2,100. Umebaki na kilo 950. Unasema ni mob. Sasa hesabu nami:

Wewe na mpenzi wako, 150. Kampa tupu, 500. Maji lita 80, hizo ni kilo 80, ju lita moja ya maji ni kilo moja. Betri kubwa ya asidi, 30. Friji ndogo, 30. Mtungi wa gesi na jiko, 15. Matandiko, nguo, vyombo na chakula, 80. Tairi ya pili ya spea na tuls, 45.

Jumla ni 930. Umebakisha kilo 20. Beshte akisema "nipelekeni hadi Nanyuki," umeshapita. Na hapo hujaweka bulba ya chuma mbele wala karai ya nyama ya wikendi.

Hesabu ya kichwa haitoshi. Enda kwa mizani ya kulipia, zile hupima lori za kokoto na chuma kuukuu. Pima gari yote, halafu pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ni dakika chache, na ndiyo pesa ya maana zaidi utatumia kwa hii project.

Mzigo uko wapi?

Hapa ndipo beshte yangu aliingia box. Double cabin ina kitanda kifupi, na sehemu kubwa ya hicho kitanda iko nyuma ya ekseli. Ukiweka uzito nyuma ya ekseli, gari inakuwa kama pembea ya watoto: nyuma inashuka, mbele inainuka.

Hesabu iko hivi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Hilux ina karibu mita 3.1. Kampa ya kilo 600 ikiwa na kitovu cha uzito sentimita 30 nyuma ya ekseli, tairi za mbele zinapoteza karibu kilo 58. Hizo kilo hazipotei hewani, zinahamia nyuma. Kwa hivyo ekseli ya nyuma haibebi 600, inabeba karibu 658. Na tairi za mbele ndizo za kukata kona na ndizo hufanya kazi kubwa ya breki. Sasa unajua kwa nini usukani ulikuwa mwepesi Mai Mahiu. Tanki la maji la beshte lilikuwa mlangoni kabisa, nyuma.

Marekani waliona hii shida kitambo. Tangu 1973 wana sheria ya kampa kuandikwa uzito wake, na watengenezaji wa pikapu kuonyesha kitovu cha uzito kinafaa kukaa wapi.

Form ni hii: maji, betri na friji vikae mbele kabisa, karibu na kabini, na chini. Na kama bado hujanunua gari, single cabin ama ile ya kabini na nusu ni afadhali kwa kampa, ju kitanda ni kirefu na mzigo unakaa juu ya ekseli ama mbele yake.

Sasa tuongee springi

Nyuma ya pikapu nyingi kuna springi za majani, zile chuma bapa zimepangwa moja juu ya ingine. Kazi yake ni kubeba uzito. Shoki, wengine huita shokomzoba, kazi yake ni tofauti: inazuia springi isiendelee kudunda. Springi ngumu mpya na shoki zimechoka ni gari inayodunda kama mpira. Ukibadilisha moja, angalia na ya pili.

Machaguo yako ni manne.

Kwanza, kuongeza jani. Ndiyo rahisi kwa mfuko na kila fundi anaijua. Inafaa kama springi zako bado ni nzima na mzigo umezidi kidogo tu. Jani refu linafuata springi vizuri kuliko kipande kifupi kinachokandamiza katikati. Lakini ukirundika matatu kama beshte, gari ikiwa bila kampa itakupiga mgongo kila tuta, na chuma za zamani zilizochoka bado ziko hapo chini.

Pili, seti nzima ya springi za nyuma. Kampuni za Australia kama Old Man Emu na Ironman huziuza kulingana na kilo ambazo gari inabeba kila siku. Hapo usidanganye. Ukisema kilo 500 na kampa inakaa juu siku mbili kwa mwezi, utaendesha kiti cha mbao hizo siku zingine. Kwa kampa ambayo haishuki, hii ndiyo njia safi.

Tatu, raba za kusaidia. Zinakaa kati ya ekseli na chesisi na zinaanza kazi gari ikishuka. Gari tupu inabaki laini, gari imejaa inapata mkono. Kwa mtu wa kuweka na kutoa kampa, ni chaguo poa.

Nne, eabegi, mifuko ya hewa. Unajaza upepo ukipakia, unapunguza ukishusha. Ni tamu, lakini sikiza vizuri. Springi ya majani inashika chesisi pahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Eabegi inasukuma pahali pamoja, katikati. Ukiwa na mzigo umezidi na unaning'inia nyuma, halafu upige shimo kubwa kwa kasi, chesisi inaweza kupinda hapo hapo. Imetokea sana kwa double cabin za Australia. Eabegi ni ya kusawazisha gari iliyo ndani ya kipimo, si ya kuficha gari iliyopita kipimo.

Breki: ile siri fundi hakusema

Pikapu nyingi za kitambo, Hilux zikiwemo, zina valvu ndogo nyuma yenye kijiti kilichoshikana na ekseli. Gari ikishuka kwa sababu ya mzigo, kijiti kinasukumwa, valvu inajua kuna kazi, inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Sasa wewe umeinua nyuma na springi mpya. Valvu inaona gari iko juu, inadhani hakuna mzigo, inabana breki za nyuma wakati ndio unazihitaji.

Hiyo ndiyo ile "gari inafikiria kwanza." Ukiinua nyuma, hiyo valvu lazima irekebishwe. Muulize fundi wako kabla aguse boliti hata moja. Akikuangalia kama umeongea Kichina, tafuta mwingine.

Tairi na vitu vidogo vya kuokoa maisha

Soma namba kwa ubavu wa tairi. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Jumlisha mbili za nyuma, linganisha na ile karatasi ya mizani. Acha nafasi, usikae kwa ukingo. Na upepo uongezwe ukipakia, kulingana na kitabu cha gari na tairi yenyewe.

Kabla kazi ianze, pima na tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne. Pima tena kampa ikiwa juu. Hapo utajua gari imeshuka ngapi kwa namba, si kwa macho.

Springi zikibadilishwa, weka yubolti mpya. Za zamani zishavutika. Zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Gari ipigwe alainimenti. Taa za mbele zishushwe, ama utawachoma macho wasee wote wa kutoka Nakuru usiku na utashangaa kwa nini kila mtu anakuwashia full.

Na karatasi? Australia kuna kazi za kuongeza uzito wa mwisho zinazokaguliwa na kupewa cheti. Hapa kwetu, springi za Grogan hazibadilishi chochote kwa logbook. Ukibadilisha bodi ya gari, pitia NTSA na uambie watu wa bima mapema. Ajali ikitokea, mwenye bima atatafuta sababu ya kutolipa, usimpatie ya bure.

Na kama hesabu imekataa?

Basi imekataa. Punguza kampa, si ukweli. Plaiwudi nzito ibadilishwe na fremu ya alumini. Betri ya lithiamu ya nguvu ile ile inapima chini ya nusu ya ile ya asidi. Maji jaza ukikaribia kambi. Ama achana na kampa kabisa uweke hema ya juu ya gari, nyingi ziko karibu kilo 60 tu. Chai inachemka vile vile.

Beshte yangu alirudi mizani. Ekseli ya nyuma ilikuwa imepita, ya mbele imekonda kuliko gari tupu. Alitoa majani mawili kati ya yale matatu, akaweka shoki mpya, tanki la maji likahamia nyuma ya kabini, kabati za mbao zikaenda kwa sista yake, valvu ya breki ikarekebishwa. Gari haikai wima tena kama askari, imeinama kidogo nyuma. Lakini tulishuka Mai Mahiu tena, na safari hii tulikuwa tunabishana kuhusu ngoma ya kucheza.

Fundi anaweza kukuinulia gari kwa masaa mawili. Kilo haziinuliwi, zinapunguzwa. Anza na mizani.