Jirani akijitoa katika jumuiya, mpaka unabaki palepale: somo la Ireland kwa wizara za mambo ya kigeni

Tarehe 7 Juni 2025, mjini Malabo, Rwanda ilitangaza kwamba inajitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, CEEAC. Kigali ilisema imenyimwa haki yake ya kushika uenyekiti wa zamu, na kwamba jumuiya hiyo inatumiwa na Kinshasa. Kinshasa kwa upande wake ilisema nchi wanachama zimetambua kwamba Congo imeshambuliwa na Rwanda. Maneno yakawa mengi redioni na kwenye simu. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa sana, nalo ni la mama anayevuka mpaka na beseni la tomate kichwani: jirani akijitoa katika jumuiya, ni nani anashughulika na mimi?

Kwa habari ya CEEAC peke yake, jibu ni fupi. Rwanda ilishawahi kujitoa mwaka 2007, kisha ikarudi. Nchi zetu mbili zimebaki pamoja ndani ya COMESA na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo iliingia mwaka 2022. Na biashara ya mpakani kwetu inakwamishwa na vita kuliko na karatasi za Malabo.

Hata hivyo swali la yule mama ni la kweli, na kuna nchi moja ambayo wizara yake ya mambo ya kigeni ilihangaika nalo miaka na miaka. Ni Ireland, wakati jirani yake Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya.

Kisiwa kimoja, mpaka mmoja

Mtu wa Goma au wa Bukavu hatapata shida kuielewa ramani ya Ireland. Kisiwa ni kimoja, lakini kimegawanyika. Sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ireland, mji mkuu wake Dublin. Pembe ya kaskazini mashariki ni Ireland Kaskazini, ambayo iko chini ya Uingereza. Katikati kuna mpaka wa karibu kilomita 500, na barabara zaidi ya 200 zinaukata. Kuna familia zenye ndugu pande zote mbili, na kuna wakulima ambao shamba lao liko huku na zizi lao liko ng'ambo.

Mpaka huo umeona damu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa muda wa miaka 30 hivi, mapigano ndani ya Ireland Kaskazini yaliua watu zaidi ya 3,500. Askari wa Uingereza walijenga minara ya ulinzi, barabara ndogo zilizibwa, na vituo vya forodha, ile tunayoita duane, vilishambuliwa kwa mabomu. Mapatano ya Ijumaa Kuu, yaliyofikiwa tarehe 10 Aprili 1998, ndiyo yaliyofungua njia ya kuondoa minara hiyo.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba soko nalo lilisaidia. Ireland na Uingereza ziliingia Jumuiya ya Ulaya siku moja, tarehe 1 Januari 1973, na mwaka 1993 soko la pamoja likaondoa ukaguzi wa duane kati yao. Yaani amani iliwaondoa askari, na soko likawaondoa wakaguzi. Leo msafiri anajua kwamba amevuka kwa sababu vibao vya barabarani vimebadilika kutoka kilomita kuwa maili.

Halafu ikaja kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016. Karibu asilimia 52 ya wapiga kura wa Uingereza walichagua kutoka. Katika Ireland Kaskazini, karibu asilimia 56 walitaka kubaki, lakini kura ilihesabiwa kwa nchi nzima. Kwa hiyo barabara zile zilikuwa zinaelekea kuwa ukingo wa soko la Ulaya, na kwenye ukingo wa soko sheria inataka bidhaa zikaguliwe. Hofu ya Dublin ilikuwa nyepesi kueleza: ukirudisha kituo cha duane, kitahitaji polisi wa kukilinda, na polisi watahitaji askari wa kuwalinda.

Kazi ya kwanza: kufanya shida yako iwe ya wote

Wizara ya mambo ya kigeni ya Ireland ilikuwa na tatizo gumu tangu mwanzo. Haikuweza kukaa na London na kumalizana nayo peke yake. Mambo ya biashara ya nje yanajadiliwa na Umoja wa Ulaya kwa niaba ya wanachama wote, na mpatanishi mkuu alikuwa Mfaransa, Michel Barnier. Nchi ambayo ingeumia kuliko zote haikuwa na kiti chake peke yake kwenye meza.

Kwa hiyo wanadiplomasia wake walizunguka katika miji mikuu ya Ulaya wakieleza jambo moja. Hawakwenda kulilia tu nyama na maziwa ya Ireland yatakayokosa soko. Walieleza mpaka na amani. Kazi hiyo ilizaa matunda mapema. Tarehe 29 Aprili 2017 viongozi wa Ulaya walipotoa maagizo ya mazungumzo, mpaka wa Ireland ulikuwa moja kati ya mambo matatu makubwa ya kushughulikiwa kwanza kabla ya kuongea biashara, pamoja na haki za raia na madeni ya Uingereza. Wiki mbili hivi baadaye Barnier alihutubia bunge mjini Dublin, kisha akapelekwa mpakani ajionee kwa macho.

Mwezi Juni mwaka huohuo, kazi ya kuratibu shughuli zote za serikali juu ya kujitoa kwa Uingereza iliwekwa chini ya wizara hiyo, ikiongozwa na Simon Coveney. Kuanzia hapo wizara nyingine zilijua ni wapi pa kupeleka maswali yao, na wageni walijua ni nani anayesema kwa niaba ya nchi.

Kisha ikafanyika kazi isiyo na kelele. Wapatanishi wa Ulaya na wa Uingereza waliorodhesha kila jambo ambalo pande mbili za kisiwa zinalifanya pamoja. Orodha ilifika mambo 142. Kulikuwemo umeme, ambao una soko moja kwa kisiwa kizima. Kulikuwemo watoto wa kaskazini wanaofanyiwa upasuaji wa moyo Dublin, na wagonjwa wa kansa wa kusini wanaotibiwa Derry, upande wa Uingereza. Kulikuwemo maziwa yanayokamuliwa kaskazini na kwenda kutengenezwa kusini. Baada ya orodha hiyo, ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kusema kwamba mpaka ni mchezo wa wanasiasa tu.

Tarehe 4 Desemba 2017 maandishi ya kuahidi kwamba hakutakuwa na mpaka mgumu yalikuwa tayari, lakini yakakwama siku hiyohiyo kwa sababu chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, ambacho serikali ya London ilitegemea kura zake bungeni, kilikataa. Siku nne baadaye, tarehe 8, yakapita.

Kazi ya pili: kujiandaa kwa mabaya

Ahadi ni kitu kimoja, na kura ya wabunge ni kingine. Mapatano ya Novemba 2018, yenye dhamana kwamba mpaka utabaki wazi kwa vyovyote, yalikataliwa na bunge la Uingereza mara tatu mwanzoni mwa mwaka 2019. Ikaonekana wazi kwamba Uingereza inaweza kutoka bila mapatano yoyote.

Dublin haikungoja. Tarehe 19 Desemba 2018 serikali ilitangaza mpango wa dharura, na tarehe 17 Machi 2019 rais alitia saini sheria moja iliyokusanya mambo ya wizara nyingi. Ukiisoma utaona haina majigambo. Inahusu pensheni za wazee zisikatike, matibabu ya ng'ambo yaendelee, wanafunzi wasipoteze msaada wa masomo, gari moshi na mabasi ya kuvuka mpaka yaendelee kutembea.

Kuna jambo moja ambalo serikali ililikwepa. Wabunge wa upinzani waliuliza tena na tena: kama hakuna mapatano, bidhaa zitakaguliwa wapi? Jibu la wazi halikutoka. Serikali iliogopa kwamba ikitaja tu mahali pa kituo, itakuwa imekubali kukijenga. Wakosoaji walisema wenye maduka na makamioni walistahili kuambiwa ukweli.

Njia ilipatikana Oktoba 2019, baada ya waziri mkuu wa Ireland, Leo Varadkar, kukutana na mwenzake Boris Johnson kaskazini magharibi mwa Uingereza. Wiki moja baadaye maandishi mapya yalikubaliwa: ukaguzi wa bidhaa hautakuwa kwenye barabara za kisiwa, utakuwa bandarini, kama vile Belfast na Larne. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka.

Kazi ya tatu: makaratasi ya raia

Kuna watu ambao hawauzi kitu. Wanavuka tu kwenda kazini, shuleni au kuona wazazi. Kwa hao, Ireland na Uingereza zilikuwa na mapatano yao ya zamani, tangu miaka ya 1920, kwamba raia wa nchi moja anaweza kuishi na kufanya kazi katika nchi nyingine. Mapatano hayo hayakutegemea Umoja wa Ulaya. Tarehe 8 Mei 2019, katikati ya mvutano mkali wa kisiasa, serikali hizo mbili zilikaa na kuyaandika upya.

Wizara hiyohiyo ndiyo inayotoa pasipoti. Mtu aliyezaliwa Ireland Kaskazini anaweza, kwa Mapatano ya Ijumaa Kuu, kujitambulisha kuwa Mwairish, Mwingereza, au vyote viwili. Wengi walikimbilia pasipoti ya Ireland ili wabaki na haki zao za Ulaya. Mwaka 2019 pekee wizara ilitoa pasipoti zaidi ya 900,000, katika nchi yenye watu karibu milioni 5.

Siku ambayo marafiki walisahau

Pengine siku inayofundisha zaidi ni tarehe 29 Januari 2021. Ulaya ilikuwa inagombania chanjo za korona, na Tume ya Umoja wa Ulaya ikatangaza hatua ya kuzuia chanjo zisipite Ireland Kaskazini kwenda Uingereza. Dublin haikuulizwa. Baada ya miaka minne ya kuelezea mpaka huo katika kila mji mkuu, marafiki wenyewe ndio waliousahau. Simu zilipigwa, na usiku uleule Tume ikarudi nyuma. Lakini waliopinga mapatano walipata hoja ambayo hawakuiacha.

Na bei ililipwa. Chama cha DUP kiliona kwamba ukaguzi wa bandarini unaitenga Ireland Kaskazini na Uingereza, kikajitoa katika serikali ya huko Februari 2022. Mapatano ya Windsor ya tarehe 27 Februari 2023 yalipunguza ukaguzi, lakini serikali ya Belfast haikurudi mpaka Februari 2024. Hata hivyo, barabara zile zaidi ya 200 ziko wazi hadi leo.

Na sisi?

Ni lazima kusema ukweli: sisi si Ireland. Dublin ilikuwa na nchi nyingine 26 nyuma yake, na hakukuwa na majeshi yanayopigana mpakani. Kwetu, wakati Rwanda inatoka Malabo, Goma na Bukavu zilikuwa mikononi mwa M23. Siku 20 baadaye, tarehe 27 Juni, mawaziri wa mambo ya kigeni Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe walitia saini mapatano ya amani mjini Washington. Hakuna orodha ya biashara inayoweza kuchukua nafasi ya usalama.

Lakini kujali mtu mdogo hakuhitaji utajiri. Tarehe 29 Januari 2025, siku Mali, Burkina Faso na Niger zilipotoka rasmi katika CEDEAO, jumuiya hiyo iliagiza nchi zilizobaki ziendelee kutambua pasipoti za raia wao na kupitisha bidhaa zao kama zamani mpaka itakapoamuliwa vingine. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, na agizo lile lilimlinda msafiri wa basi.

Orodha yetu ya mambo 142 ingekuwa na nini? Tomate na samaki, bila shaka. Unga, saruji, mafuta ya gari. Wanafunzi wa Goma wanaosoma Gisenyi, wagonjwa wa Bukavu wanaotibiwa ng'ambo ya Rusizi, arusi na matanga yasiyojua mpaka. Orodha hiyo inaweza kuandikwa hata wakati wa vita, ili siku ya kukaa mezani yule mama wa beseni la tomate asiwe amesahauliwa. Kazi ya kuiandika haihitaji kungoja mkutano mwingine wa Malabo.