Umri wa Injini Husomwa kwa Saa

Anayetafuta Prado au Land Cruiser iliyotumika huanza na swali moja: limetembea kilomita ngapi? Akiambiwa 90,000, mkono unaingia mfukoni. Akiambiwa 280,000, anaaga. Swali ni la haki, lakini namba hiyo inasema machache kuliko tunavyodhani. Mita ya dashibodi huhesabu mizunguko ya magurudumu. Umri wa injini unategemea imewaka saa ngapi, kwa joto gani, ikiwa na oili ya hali gani.

Chukua magari mawili, kila moja lina kilomita 100,000. La kwanza ni la safari za Dar es Salaam na Dodoma, kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa. Injini yake imefanya kazi saa zipatazo 1,430. La pili linashinda kwenye foleni kati ya Mbagala na Posta, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Hilo limewaka saa 5,000, mara tatu na nusu ya mwenzake, ingawa mita zao zinasoma sawasawa. Tena saa za foleni ni mbaya zaidi. Gari limesimama, upepo haupiti kwenye rejeta, kiyoyozi kinakokotwa na injini ileile, na katika safari fupi oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na mafuta yaliyopenya ndani yake.

Ndiyo maana injini zilizovunja rekodi ni za barabara kuu. Mwaka 2016, huko Louisiana, Marekani, pikapu ya Toyota Tundra ya mwaka 2007 ilitimiza maili 1,000,000, sawa na kilomita 1,600,000, ikiwa na injini yake ya awali. Ilikuwa ya kazi za mbali, ikienda masafa marefu kwa mwendo wa kutulia, na haikukosa servisi. Kwa magari ya familia hali ni ya kawaida zaidi. Mwaka 2022 kampuni ya iSeeCars ya Marekani ilitazama asilimia 1 ya magari ya kila aina yaliyokwenda mbali kuliko mengine. Toyota Sequoia ilifika kilomita 477,000 hivi na Land Cruiser kama 451,000. Hayo ni machache yaliyotunzwa vizuri kabisa, lakini yanatuonyesha kinachowezekana.

Aina ya injini nayo ina sauti yake. Land Cruiser nyingi zinazobeba watalii kutoka Arusha hutumia 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990. Haina tabo, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na nguvu zake ni farasi 130 tu, yaani kama 31 kwa kila lita. Injini ya 1GD ya Prado za karibuni ina lita 2.8 lakini inatoa farasi 177 au zaidi, yaani zaidi ya 60 kwa lita. Chuma kinachobebeshwa mzigo mara mbili hakikusamehe kosa. Kwa makadirio ya gereji, 1HZ iliyotunzwa hufika kilomita 500,000 kabla ya kufunguliwa kwa ovahoo. Petroli ya V6 kama 1GR hukaribia hapo. Petroli ndogo za silinda nne, na dizeli za kisasa zenye tabo, ni salama kuzipangia 300,000, na zikizidi ni faida.

Sasa tuje kwenye matunzo, tukianza na oili. Jenereta na trekta hubadilishwa oili kwa saa, na kipimo cha kawaida ni saa 250. Rudi kwenye hesabu yetu. Kwa anayetembea kilomita 20 kwa saa mjini, saa 250 ni kilomita 5,000 kamili. Akifuata stika ya kioo inayosema arudi baada ya kilomita 10,000, anakuwa ameichosha oili saa 500. Anayekwenda Dodoma, kwa kilomita hizohizo 10,000, ametumia saa 143 tu. Kama gari lako halina kipimo cha saa, tazama wastani wa mwendo ambao dashibodi nyingi huonyesha, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa namba hiyo. Utapata jibu lililo karibu na ukweli.

Oili chafu, adui wa kwanza, haiishii kuwa nyeusi. Masizi na oili iliyochoka hugeuka tope linaloziba njia nyembamba. Wenye Prado za dizeli ya 1KD wanalijua tatizo hili kwa gharama. Washa za shaba zilizo chini ya injekta zikichoka, moshi wa mwako huvuja na kuingia kwenye oili, masizi yanaganda, kisha yanaziba chujio lililo ndani ya sampu. Pampu inavuta lakini haipati. Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani na dereva akajikaza kufika nyumbani, injini inanoki. Kubadilisha washa hizo mapema na kukagua chujio ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua injini nyingine.

Adui wa pili ni joto, na hapa kuna desturi mbaya iliyozoeleka: kung'oa themostati. Hoja ni kwamba nchi yetu ni ya joto, hivyo kifaa hicho hakina kazi. Ukweli ni kwamba injini imeundwa kufanya kazi kwenye nyuzijoto 80 hadi 95, na themostati ndiyo inayoifikisha hapo haraka na kuishikilia. Ikiondolewa, injini hubaki baridi, petroli ya ziada huosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili, na ringi zinasagika. Gari likichemsha, kilichoharibika mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au mfuniko wa rejeta uliolegea. Mfuniko huo hushikilia mgandamizo unaofanya maji yachelewe kuchemka. Tumia kulanti, maana maji ya bomba huleta kutu na magadi yanayoganda ndani ya vijia vya silinda hedi. Hedi ya alumini ikichemshwa hata mara moja inaweza kupinda, na kuanzia hapo maji na oili vinaweza kuchanganyika.

Vumbi ni adui wa tatu, na ndiye mjanja kuliko wote. Mchanga laini ukipenya kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Mara nyingi haupiti kwenye filta ya hewa yenyewe. Hupita kwenye mpira uliochanika au klipu iliyolegea baada ya filta. Kila servisi, pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kuelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi, tafuta upenyo siku hiyohiyo. Na unapopuliza filta kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa upepo wa wastani, kwa sababu upepo mkali hutoboa karatasi. Bandu bandu huisha gogo, na silinda huisha vivyo hivyo.

Mkanda wa taimingi hauhitaji maneno mengi. Kwenye 1HZ na 1KD, taa ya dashibodi hukumbusha, kwa kawaida kila kilomita 100,000 hadi 150,000. Taa hiyo inaweza kufutwa bila mkanda kuguswa, hivyo asiye na risiti ya mkanda abadilishe tu. Ukikatika, vali na pistoni hugongana.

Mnunuzi afanye nini basi? Aifuate injini ikiwa baridi, tena awahi kabla muuzaji hajaiwasha. Afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi mwingi unaopumua kwa nguvu unaonyesha ringi zimechoka. Moshi wa buluu kwenye egzosi ni oili inayoungua. Kisha aombe kipimo cha kompresheni kwa kila silinda, kwa sababu tofauti kubwa kati ya silinda na silinda inasema mengi kuliko mita. Prado ya kilomita 280,000 yenye daftari la servisi na kompresheni inayolingana ni mali. Ya 90,000 isiyo na karatasi hata moja ni bahati nasibu, maana mita hurudishwa nyuma na madalali wanajua hivyo.

Hata injini iliyotunzwa ina mwisho wake, na hapo ndipo wengi hupoteza faida ya miaka yote ya uangalifu. Kompresheni inapoanza kushuka na unaongeza karibu lita moja ya oili kila kilomita 1,000, wakati wa kuifungua umefika, gari likiwa bado linatembea. Ukifungua wakati huo, bloku ya chuma ya 1HZ inaweza kuchongwa na kuvalishwa pistoni kubwa kidogo, na krenki mara nyingi inahitaji kung'arishwa tu. Ukisubiri inoki, krenki imekwaruzika, pengine rodi imetoboa bloku, na hakuna fundi wa kukusaidia. Kwa hiyo weka akiba ya ovahoo tangu kilomita 300,000, na upime kompresheni kila mwaka ili wewe ndiye uamue siku ya kuifungua.