Marekani: Kubadilishana wachezaji wa besiboli bila kuvunja urafiki

Nchini Marekani, msimu wa besiboli huchukua karibu miezi sita na kila timu hucheza mechi 162. Pembeni ya viwanja, mamilioni ya mashabiki wana ligi zao wenyewe. Marafiki, au wafanyakazi wa ofisi moja, hugawana wachezaji halisi wa ligi kuu, kila mmoja anaunda timu yake ya kubuni, na takwimu za uwanjani zinageuzwa kuwa pointi. Hakuna mchezaji anayehama kweli. Lakini pesa za kiingilio, pale zinapotozwa, ni za kweli, na ugomvi pia, hasa watu wanapoanza kubadilishana wachezaji.

Mchezo huu ulipata umbo lake mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake walipoanzisha ligi iliyobeba jina la mgahawa wa New York walikokuwa wakikutana, La Rôtisserie Française. Katika mnada wa kawaida, kila mwenye timu anapewa dola 260 za kununua wachezaji 23. Mnada ukiisha, aliyekosea hesabu hana budi kubisha hodi kwa mwenzake.

Wengi hupima haki kwa ukubwa wa jina, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 2023, Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies alipiga homurani 47, yaani mipira inayovuka uzio wa uwanja. Hata hivyo, wastani wake wa kupiga ulikuwa .197, na hakuiba kituo hata kimoja. Mwaka huo huo Esteury Ruiz wa Oakland alikuwa na homurani 5 tu, lakini aliiba vituo 67: mkimbiaji anayechomoka kwenda kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe. Mtu akisikia wawili hao wanabadilishwa, atacheka na kusema mmoja ameibiwa.

Si lazima. Katika ligi ya timu 12, anayeongoza kila kipengele hupata pointi 12, wa mwisho hupata 1. Mwenye timu aliye mbele kwa vituo 50 katikati ya msimu anaweza kumtoa Ruiz bila kupoteza hata pointi moja, kwa sababu vile vya ziada havimpi kitu. Kama yuko nyuma kwa homurani, Schwarber atampandisha. Anayempokea Ruiz naye anafaidika ikiwa ana homurani za kutosha na wastani wake umeanza kuzama. Wote wawili wanapanda ngazi, na hakuna aliyedanganywa.

Kwa hiyo wazoefu hawaanzi kwa kutaja mchezaji wanayemtaka. Wanasoma kwanza msimamo wa mwenzao, wanajua anaumia wapi, halafu wanauliza. Ombi linalochukiwa zaidi ni lile la watatu kwa mmoja: wachezaji watatu wa kawaida kwa nyota mmoja. Kwenye karatasi jumla inaonekana sawa, lakini anayewapokea watatu lazima afukuze wawili alionao ili wapate nafasi. Anayetuma maombi ya namna hiyo kila wiki ataona majibu yanakoma, na katika ligi ya watu 12 ana wenzake 11 tu wa kufanya nao biashara.

Habari za majeruhi ni mtihani mwingine. Tarehe 26 Mei 2024, Ronald Acuña Jr. wa Atlanta aliumia goti mjini Pittsburgh, na msimu wake ukaishia hapo. Aliyempokea siku moja kabla alipata bahati mbaya, basi. Lakini anayemwona mchezaji akianguka kwenye televisheni, kisha akakimbia kumuuza kwa mwenzake aliye kazini, huyo amefanya jambo jingine kabisa, hata kama kanuni hazimzuii.

Mabadilishano hupimwa kwa siku yalipofanyika. Mwaka 1964 Chicago Cubs waliwapa St. Louis Cardinals kijana Lou Brock ili wampate mrushaji Ernie Broglio, aliyekuwa ameshinda mechi 18 msimu uliotangulia. Brock alimaliza kazi yake na vituo 938 vya kuiba, wakati Broglio aliishindia Chicago mechi 7 tu. Leo hii yanatajwa kama mfano wa kuibiwa, ingawa siku ile kumtaka Broglio haikuwa ujinga.

Nani basi ana haki ya kuzuia? Ligi nyingine hupiga kura, na hapo wivu huvaa joho la uadilifu: anayeshika nafasi ya pili atakataa chochote kinachomsaidia wa kwanza. Nyingine humwachia kamishna wao. Besiboli ya kweli iliwahi kupitia hilo mwaka 1976, mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, alipowauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa dola milioni 1 kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees kwa milioni 1.5. Kamishna Bowie Kuhn alifuta mauzo yote kwa maslahi ya mchezo. Finley alikwenda mahakamani, akashindwa.

Kesi ngumu zaidi huja mwishoni mwa msimu, katika ligi zinazoruhusu kubaki na wachezaji mwaka unaofuata. Timu ya mkiani inatoa nyota wake wa gharama na kuchukua vijana wa bei ndogo. Kwa wawili wanaokubaliana, ni halali tupu. Kwa wale kumi waliobaki, ubingwa umeamuliwa na mtu asiye na cha kupoteza mwaka huu. Ndiyo maana ligi nyingi hufunga soko mapema, mara nyingi mwezi wa nane, na baadhi huweka kikomo cha gharama ambayo timu moja inaweza kubeba baada ya mabadilishano.