Kabla ya Kufunga Injini ya Boti: Pima Chombo, Kagua Tezi

Katika fuo za Vanga, Shimoni, Gazi na Msambweni, sauti ya injini alfajiri imezoeleka kama ilivyokuwa zamani sauti ya tanga likipandishwa. Injini humwezesha mvuvi kufika nje ya miamba, kurudi samaki wangali wabichi na kuvuka mkondo hata upepo ukikatika. Vikundi vingi huchanga fedha kwa muda mrefu ili kuinunua.

Hata hivyo, injini nzuri iliyofungwa vibaya ni hasara na ni hatari. Yaweza kung'oka na kuzama, kupasua ubao wa tezi na kuingiza maji chomboni, au kumkata kwa panga lake mtu aliyeanguka baharini. Mara nyingi tatizo haliko ndani ya injini yenyewe. Liko pale injini inapokutana na chombo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua injini ya petroli inayolingana na chombo chako, na jinsi ya kuifunga ising'oke. Yanahusu injini ndogo za kufungwa nyuma ya chombo, za nguvu za farasi 5 hadi 40.

Ukubwa: usinunue mwendo ambao chombo hakina

Vyombo vyetu ni vya namna mbili. Kuna vinavyopasua maji, kama mashua ya mbao yenye mkuku na tumbo pana. Na kuna boti nyepesi za faiba zenye tumbo bapa, ambazo zikipata mwendo huinuka na kuteleza juu ya maji.

Chombo kinachopasua maji kina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho hutokana na urefu wake kwenye mstari wa maji. Mashua yenye urefu wa mita 6 majini hufikia takriban noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa. Ya mita 8 hufikia karibu noti 7, yaani kilomita 13 kwa saa. Ukizidisha gesi baada ya hapo, tezi hudidimia, omo huinuka, wimbi la nyuma hukua, na mwendo hauongezeki ila kidogo sana. Petroli ndiyo inayokwisha.

Chukua mfano wa kikundi chenye mashua ya mita 6. Injini ya nguvu za farasi 15 inatosha kuifikisha kwenye kikomo chake. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya petroli ikiendeshwa kwa gesi yote hunywa karibu lita 4 kwa saa kwa kila nguvu za farasi 10, na zile za kuchanganya oili hunywa zaidi ya hapo. Kwa saa mbili za gesi yote, injini ya 15 itakunywa lita 12 hivi, na ya 40 itakunywa lita 32. Mashua ni ile ile, na tofauti ya kufika ni ndogo. Lita 20 za ziada zitalipwa na samaki wa siku hiyo.

Kwa boti ya faiba, tazama kibati kilichobandikwa ndani na mtengenezaji. Huonyesha nguvu ya juu kabisa ya injini inayoruhusiwa na idadi ya watu. Usivuke kiwango hicho. Ikiwa kibati hakipo, muulize aliyeiunda boti au fundi wa boti kabla ya kulipa pesa dukani.

Mipigo miwili au minne?

Injini ya mipigo miwili, yaani ile ya kuchanganya oili na petroli, ni nyepesi na rahisi kutengeneza ufuoni. Ya mipigo minne hunywa mafuta kidogo na haina moshi mwingi, lakini ni nzito, bei yake iko juu, na oili yake hubadilishwa kwa ratiba.

Uzito ni jambo la kupimwa. Injini ya 15 ya mipigo miwili ina takriban kilo 40, na ya mipigo minne takriban kilo 50. Ya 40 hufikia kilo 70 kwenda juu, na ya mipigo minne hukaribia kilo 100. Uzito huo wote unaning'inia tezini, mahali ambapo nahodha naye huketi. Ikiwa chombo kikiwa tupu tezi tayari imekaa chini, injini nzito itakaribisha wimbi la nyuma liingie ndani.

Urefu wa mguu

Kosa la mara kwa mara ni kununua injini yenye mguu usiolingana na chombo. Injini huuzwa kwa mguu mfupi, wa takriban sentimita 38 (inchi 15), na mguu mrefu, wa takriban sentimita 51 (inchi 20). Pima ubao wa tezi katikati, kutoka ukingo wa juu ambapo injini itakaa hadi chini kabisa ya chombo. Kipimo hicho ndicho kinachoamua mguu wa kununua.

Juu kidogo ya panga kuna bamba bapa la chuma. Injini ikishakaa, bamba hilo liwe sawa na sehemu ya chini ya chombo, au lishuke kwa sentimita 2 hivi. Likiwa juu sana, panga hunyonya hewa: injini inapiga kelele, chombo hakiendi, na maji ya kupoza injini yanaweza kukosekana. Likiwa chini sana, mguu huwa mzigo wa kuburuta, na kichwa cha injini hukaribia maji ya chumvi.

Kagua tezi kwanza

Injini ikisukuma, nguvu yote hupita kwenye ubao wa tezi. Ubao huo ndio mwenyeji. Ukiwa mbovu, mgeni hatakaa.

Kwa mashua ya mbao, gonga ubao kwa nyundo ndogo kuanzia juu hadi chini. Mbao nzima hutoa mlio mkavu. Mlio mzito uliozibika unaonyesha uozo. Choma kwa ncha ya kisu karibu na misumari na kwenye maungio, kwa sababu uozo huanzia hapo. Hakikisha ubao umeshikwa na mabano au mataruma pande zote mbili, wala si kwa misumari ya ukingoni peke yake.

Kwa boti ya faiba, kumbuka kwamba ndani ya tezi nyingi kuna plaiwudi. Maji yakiingia kupitia tundu la bolti lisilozibwa, plaiwudi huoza huku faiba ya nje ikionekana mpya. Sukuma mguu wa injini ya zamani juu na chini ukitazama tezi. Ikiwa inacheza au nyufa zimeanza kwenye pembe, itengenezwe kwanza.

Mtumbwi na ngalawa zenye ncha pande zote mbili hazina ubao wa tezi. Injini ndogo hufungwa kwenye mti wa pembeni. Mti huo ukatize chombo kizima na ufungwe pande zote mbili, kwani injini ya ubavuni hukivuta chombo upande mmoja na hukisokota wakati wa wimbi. Usifunge injini kubwa namna hii.

Kufunga hatua kwa hatua

1. Weka alama katikati ya tezi, sawasawa na mstari wa mkuku. Injini ikikaa pembeni, usukani huvuta upande mmoja safari nzima.

2. Weka kipande cha mbao ngumu au bamba la alumini pale vibano vitakapobana, ili ubao wa tezi usipondeke.

3. Shusha injini mkiwa watu wawili au zaidi, chombo kikiwa nchi kavu au kimetulia ufuoni. Kabla ya kuiachilia, ifunge kwa mnyororo au kamba imara kwenye taruma. Mnyororo huo ubaki hapo siku zote. Vibano vikilegea baharini, ndio utakaoiokoa injini.

4. Kaza vibano kwa mkono, kisha pitisha bolti kwenye matundu ya mabano ya injini hadi upande wa ndani wa tezi. Usitegemee vibano peke yake, maana mtikisiko wa injini huvilegeza kidogo kidogo.

5. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, washa pana na nati zenye plastiki ndani, ambazo hazifunguki kwa mtikisiko. Jaza gundi ya baharini ndani ya kila tundu kabla ya kupitisha bolti.

6. Rekebisha pini ya pembe ya mguu. Chombo kikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, mguu uwe karibu wima majini. Mguu ukiingia ndani sana, omo huchimba wimbi. Ukitoka nje sana, omo huruka na kupiga maji.

7. Zungusha injini kushoto na kulia, kisha iinue juu kabisa. Hakuna waya wala mpira wa mafuta unaopaswa kubanwa au kunyooka hadi mwisho.

Mafuta

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya ngamani, ambako cheche moja hutosha kuuwasha. Jaza tangi ufuoni, injini ikiwa imezimwa, pasipo sigara wala jiko. Tumia tangi au mtungi uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, si ule wa maji. Usivute petroli kwa mdomo.

Kwa injini ya mipigo miwili, fuata kipimo cha kitabu cha injini. Injini nyingi za sasa hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, au mililita 400 kwa lita 20. Injini mpya huhitaji oili zaidi kwa saa za mwanzo. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Oili ya pikipiki haifai.

Gawanya mafuta ya safari mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba. Wakati wa kusi, mkondo na upepo vinaweza kuila akiba hiyo yote.

Safari ya kwanza

Usiwashe injini nchi kavu bila maji, hata kwa kujaribu tu. Pampu yake ya mpira huungua haraka ikikosa maji. Baada ya kuwasha majini, tazama kijitundu cha nyuma: maji yatoke kwa mfululizo. Yasipotoka, zima mara moja.

Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au mguuni mwa anayeongoza, kila safari, hata ya karibu. Nahodha akianguka na injini ikiendelea, mkono wa usukani huachwa huru, injini hugeuka, na chombo huzunguka duara. Duara hilo humrudia aliyeanguka, panga likiwa bado linazunguka. Kamba hiyo ndogo huizima injini kabla ya chombo kugeuka.

Baada ya nusu saa, rudi ufuoni ukaze vibano na bolti upya. Kagua tena baada ya safari ya kwanza nzima, kisha kila wiki. Kila urudipo, suuza injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kipande cha zinki kilicho karibu na panga kisipakwe rangi, kwani kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya injini.

Bebeni makasia au tanga, plagi ya akiba, kamba ya kuwashia, pini ya panga na spana zake. Injini isiwafanye mkasahau mlichokijua kabla yake.

Ukaguzi na msaada

Chombo kinachobadilishwa kutoka tanga kwenda injini kimebadilika, na kinastahili kukaguliwa upya. Leseni na ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini nchini (KMA). Hakikisha pia kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo chomboni, watoto wakiwemo, na kwamba limevaliwa badala ya kulaliwa.

Kabla ya kununua, zungumza na viongozi wa BMU ya ufuo wako au afisa wa uvuvi aliye karibu nawe. Nenda ukiwa na vipimo vinne vilivyoandikwa: urefu wa chombo, kimo cha tezi, unene wa ubao wake, na idadi ya watu unaowabeba. Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, muuzaji hataweza kukuuzia injini ya chombo cha mtu mwingine.